Semista moja Hamburg: shajara ya mradi wangu wa mafuriko

2 Agosti 2023, Dar

Viza imetoka. Nimetoka ubalozi wa Ujerumani pale Umoja House nimeishika paspoti kwa mikono miwili, nikapanda daladala mpaka Kigogo nikiwa bado siamini. Naanza kuandika leo kwa sababu supavaiza wa huku ameniambia mradi unaanza siku unapoanza kuuwaza, siyo siku unapofika, na kwamba niandike hata vitu vinavyoonekana vidogo.

Nasoma mipango miji, mwaka wa tatu. Nimepata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, semista moja Hamburg, Ujerumani, Oktoba mpaka Februari. Natakiwa kurudi na pointi 30 za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu kazi ya masomo, ambapo pointi moja ni kazi ya masaa 25 mpaka 30, kwa hiyo ukipiga hesabu unaona hakuna kulala, na sehemu kubwa ya hizo pointi ni mradi binafsi. Mradi wangu ni mafuriko, sikuutafuta mbali. Desemba 2011 nilikuwa na miaka 10, maji ya mto Msimbazi yaliingia kwetu bondeni kabla hakujakucha, baba mdogo akanibeba mabegani mimi na begi la shule, mama kambeba mdogo wangu, bibi akawa anasema niacheni nitakuja, niacheni nitakuja, mpaka vijana wa mtaani wakamrudia. Sisi tulipona wote. Dar nzima walikufa watu kama 40 siku zile, na baadhi ya majirani zetu wakaja kuhamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Hamburg nayo ilizama, Februari 1962. Swali langu kama nilivyoliandika kwenye fomu ya maombi: Hamburg walijenga nini, na sisi tujenge nini?

3 Oktoba, Hamburg

Nimefika jana usiku, nimepitia Istanbul. Leo ni sikukuu yao ya muungano wa Ujerumani mbili, maduka yote yamefungwa, kila kitu kimya, mimi sijui, nimezunguka nusu saa natafuta mkate. Nimekula karanga na ubuyu alivyonifungia mama. Jirani wa hosteli, dada mmoja wa Indonesia, akaniona jikoni nafungua makabati matupu, akanipa wali na yai. Nimeandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, huyu nitamkumbuka.

11 Oktoba

Wiki nzima ni karatasi. Huku karatasi moja inazaa nyingine: upate kwanza barua ya mwenye nyumba, uende nayo kujiandikisha makazi, ukishaandikishwa ndo unaenda benki, halafu bima ya afya, halafu kibali cha kukaa. Ushauri kwa atakayenifuata: beba cheti cha kuzaliwa, picha za paspoti za kutosha na nakala za kila kitu, na usikubali kukaa chumba ambacho mwenye nyumba hataki kukuandikia ile barua maana bila hiyo hausogei.

Yuro moja ni shilingi 2,600 na kitu. Nimejikataza kubadilisha kichwani kila nikinunua, maana siku ya kwanza nilirudisha nyanya kwenye shelfu. Napika mwenyewe. Unga mweupe wa mahindi nimeupata mtaa wa Steindamm karibu na stesheni kuu, kuna maduka ya Waafrika pale.

18 Oktoba

Darasa la kwanza limeandikwa saa nne. Nimefika saa nne kasorobo kama nilivyolelewa, chumba kitupu, nikajua nimepotea. Kumbe kwenye ratiba kuna herufi mbili c.t., maana yake kipindi kinaanza robo saa baadaye, na ikiandikwa s.t. ndo saa kamili kweli. Mwisho wa kipindi badala ya kupiga makofi wanagonga meza kwa vidole. Mara ya kwanza niliruka kwenye kiti.

Mchana nimekutana na supavaiza wa hapa. Ni mama mmoja mpole ila hakuzungushi. Nimempa proposo yangu ya kurasa 6, nina picha za matuta ya kuzuia mafuriko, nina vipimo vya urefu wa matuta, nina ramani ya Jangwani nimechora mwenyewe mstari mwekundu kufuata mto pande zote mbili. Akasoma kimya. Halafu akaniuliza swali moja tu: maji yenu yanatoka wapi?

Nikamjibu yanatoka mvua, milima ya Pugu, yanashuka Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, yanaingia baharini pale daraja la Selander. Akasema sawa, sasa ya kwetu yanatoka wapi? Nikanyamaza. Yanatoka baharini. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi unasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini yanaingia mdomo wa mto Elbe na kupanda mpaka mjini, kilomita kama 100 kutoka pwani. Tuta la Hamburg linazuia maji yasiingie. Mimi nikijenga tuta lilelile Kigogo, mvua inayonyesha upande wa watu itatokea wapi?

Miezi miwili nimekaa na ile ramani ukutani sijajiuliza hilo. Nimetembea mpaka hosteli, sikupanda treni.

29 Oktoba

Leo saa zimerudishwa nyuma, jua linazama saa kumi na moja kasoro jioni. Nimeanza zoezi nililojipangia: kila Jumapili naenda Landungsbrücken, kuna mnara unaoonyesha kimo cha maji ya Elbe, nasoma maji yakijaa na yakipwa. Tofauti ni zaidi ya mita tatu na nusu, na hapa siyo pwani! Mtu wa Dar anaelewa hiki kitu upesi, kwetu wakati wa bamvua ni vivyohivyo, na ndo maana mvua kubwa ikikutana na maji kujaa pale Selander mto hauna pa kwenda unarudi juu. Nimeliandika hili kwenye proposo mpya, ni kitu pekee ambacho miji miwili inafanana kabisa: bahari inafunga mlango.

2 Novemba

Jana rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuwa Songea na ameomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Vita vya Majimaji. Darasani watu watatu wamenifuata kuniuliza, wawili kati yao walikuwa hawajawahi kusikia hiyo vita. Nimewaeleza nilichofundishwa shule, 1905 mpaka 1907, watu walivyonyongwa, njaa iliyofuata baada ya mazao kuchomwa. Nilikuwa na asaimenti ya kumaliza lakini tumekaa kantini mpaka wanafunga. Haipo kwenye mpango wa mradi ila naiandika.

15 Novemba

Proposo ya pili imepita. Swali jipya: usiku wa mafuriko nani anamwambia nani, na anamwambia mapema kiasi gani?

Nimelipata kwenye kusoma habari za 1962. Nilikuwa nahesabu matuta, lakini nilichokutana nacho ni watu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962 matuta yalipasuka sehemu kama 60, maji yalifika mita 5.70 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya sita ya mji ikazama, na Hamburg peke yake walikufa watu 315. Wengi wao ni wa Wilhelmsburg, kisiwa katikati ya Elbe. Na walikuwa nani? Watu waliobomolewa nyumba na mabomu ya 1943, miaka karibu 20 baadaye bado wanakaa kwenye vibanda vya mbao kwenye viwanja vya bustani, chini ya usawa wa tuta, pabaya kuliko pote. Tahadhari ilitolewa, ila ilikuwa ya pwani, na watu wa mjini wakajua pwani ni mbali. Wakalala.

Nimesoma hiyo sehemu mara tatu. Kichwani nilikuwa na picha kwamba Ulaya wanaozama ni matajiri wenye mageti ya maji, kumbe wamekufa watu wa bondeni. Yani kama sisi.

Kingine ambacho wengi hawakijui: Januari 1976 maji yalikuja juu zaidi, mita 6.45, na mji ukasimama, kwa sababu katikati ya hapo walinyanyua matuta mpaka kama mita 7.20. Kwa hiyo tuta kwao linafanya kazi, silikatai. Ila kwetu mto unataka kusafishwa mchanga na takataka na kupewa nafasi ya kupita, na mradi wa Bonde la Msimbazi wenye ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 unalenga hukohuko pamoja na daraja jipya la Jangwani. Mpaka hayo yaishe kuna watu wanalala pale, na mvua za El Niño zimeshaanza.

26 Novemba

Kazi ya mbali imeanza, mfanyakazi wangu ni mama.

Nilimpigia kumuuliza, hivi mama ile 2011 sisi tulijuaje? Akasema shangazi yako wa Vingunguti alipiga simu, alisema maji yamefika kwenye mwembe, tokeni. Basi. Huo ndo mfumo wetu wa tahadhari. Nimeuliza majirani saba kupitia simu ya mama, watano wametaja mtu wa juu ya mto: shemeji wa Tabata, fundi wa Vingunguti, mteja wa mkaa. Kila nyumba ina mtu wake, na nyumba isiyokuwa na mtu inasikia maji yenyewe.

Sasa tumepanga hivi: mvua ikinyesha sana shangazi anatuma voisi ya muda maji yanapofika kwenye mwembe, mama anatuma voisi maji yanapofika kwenye ngazi ya tatu ya kivuko. Mimi bando la kuwarushia naweka kila Jumatatu. Shangazi ameanza kutuma na picha, amechukulia kwa uzito kuliko wanafunzi wenzangu wa hapa.

4 Desemba

Sijafanya kazi leo. Jana Hanang, Katesh, tope limeshuka kutoka mlimani limefunika watu. Idadi inapanda kila nikifungua simu. Huku theluji imetanda, watu wanapiga picha, na mimi nimekaa dirishani na simu. Mhadhiri mmoja aliniona macho akaniuliza kama kwetu ni karibu na pale, nikamwambia hapana ni mbali, halafu nikaona nimesema uongo.

Nimeangalia mpango wa kazi nikaona sehemu ya maporomoko haipo. Nimeiongeza kama ya kusoma baadaye, siyo ya semista hii.

22 Desemba

Dhoruba imekuja kweli. Jana upepo ulikuwa unapiga madirisha ya hosteli mpaka yule dada wa Indonesia akaja kulala chumbani kwangu. Asubuhi nimeenda Fischmarkt, soko lao la samaki lililo kando ya mto, limezama, maji yamefika nusu ya milango, nguzo za taa zimesimama ndani ya maji. Kimo kilifika mita 3.33 juu ya maji kujaa ya kawaida. Ukipiga hesabu kwa usawa wa bahari hapo siyo mbali na maji yaliyoua watu 1962.

Na watu walikuwa wamesimama pembeni na vikombe vya kahawa.

Nilitetemeka miguu, siyo baridi. Mwili wangu ukiona maji ya kahawia yanaingia mlangoni unataka kukimbia. Mzee mmoja aliyesimama karibu yangu akanionyesha mabati mazito waliyofunga kwenye milango ya maduka, akasema kitu kwa Kijerumani, nilielewa neno moja tu, kesho. Nadhani alikuwa ananiambia kesho yatakuwa yametoka.

HafenCity, mtaa chuo kilipo, hauna tuta kabisa. Wamenyanyua ardhi yenyewe, majengo yamekaa juu ya vilima vya kujaza vya mita kama 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, njia za chini kando ya maji wanaziacha zizame. Nimepiga picha 60. Chuo kimefungwa kwa Krismasi lakini mradi wangu leo umepiga hatua kubwa kuliko wiki zote.

14 Januari 2024

Makaburi ya Ohlsdorf. Ni makubwa sana, basi la mjini linapita ndani yake. Nilienda kuona kumbukumbu ya waliokufa 1962, nikasimama, nikasoma. Halafu kwa kuwa nipo nikatafuta na kaburi la Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, yule aliyezaliwa 1844 akaja kuishi mji huu 1867 baada ya kuolewa na Mjerumani, miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu ya farasi akabaki na watoto watatu na baridi hii. Nimekaa hapo kidogo. Mimi nina simu, kila jioni naongea na mama. Yeye alikuwa anasubiri meli.

26 Januari

Siku ya mahojiano, niliyoisubiri tangu Novemba. Kuna mgomo wa madereva wa treni tangu juzi, treni za kwenda Wilhelmsburg ni za kubahatisha, tukaamua kwenda na baiskeli. Tumepita lile handaki la zamani chini ya Elbe, la 1911, mita 426 kutembea chini ya mto, vigae vyeupe vina picha za samaki. Mkalimani wangu ni kijana Mjerumani anayesoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Hamburg, anaongea sanifu kuliko mimi, anasema "naam" na "la hasha", siku za kwanza nilikuwa nacheka ila sasa nimeanza kuongea kama yeye.

Bibi tuliyeenda kwake alikuwa na miaka 9 mwaka 1962. Alitupa keki na chai, akaniambia nisimwite kwa jina la ukoo, nikamwomba nimwite bibi, kijana akamfafanulia, akafurahi.

Waliishi kwenye kibanda cha mbao alichojenga baba yake. Hawakuwa na simu. Usiku akaamka kwa sababu godoro lilikuwa baridi, akaweka mguu chini, maji. Baba akatoboa dari, wakapanda darini halafu juu ya paa, wakakaa hapo mpaka mchana wa siku ya pili, upepo unapiga. Usiku walikuwa wanasikia jirani anaita. Baadaye hawakumsikia tena. Alilisema hilo akiwa anapanga vijiko, taratibu, kimoja kimoja, na yule kijana mkalimani akashindwa kuendelea kwa dakika kadhaa. Tukamsubiri.

Halafu akanipeleka jikoni, kwenye mlango wa friji amebandika karatasi ambayo mji unawagawia watu wa maeneo ya chini, ina ramani ya wapi panaweza kuzama na mtu aelekee wapi. Chini ya kitanda ana mabuti ya mpira. Miaka 62 imepita, mabuti yapo.

Akaniuliza: na nyie nani anawaambia?

Nikamwambia shangazi yangu wa Vingunguti. Kijana akatafsiri, nikafikiri bibi atashangaa, lakini akatikisa kichwa akasema wao hawakuwa na shangazi juu ya mto.

Nimeandika hii saa saba usiku, siwezi kulala.

7 Februari

Presentesheni imeisha. Dakika 20 na maswali. Nimeanza na voisi ya shangazi, ile ya Desemba, mvua inasikika nyuma na anapiga kelele "yamefika kwenye mwembe!", hakuna aliyeelewa neno lakini chumba kizima kilinyamaza. Nikaonyesha ramani ya nani anampigia nani, mistari kutoka Vingunguti na Tabata kushuka Kigogo, na nyumba ambazo hazina mstari hata mmoja nimezipaka nyeupe. Muda kati ya voisi ya shangazi na ya mama unabadilika sana, mvua nne siyo kitu cha kujengea hoja na nimelisema wazi kabla hawajauliza. Pendekezo langu ni dogo: kabla ya kujenga chochote kipya, zile nyumba nyeupe zipate mtu wa kuwapigia, orodha ikae kwa mjumbe, na alama ya maji ya 2011 ichorwe kwenye kuta ili aliyehamia juzi ajue.

Swali gumu alilouliza supavaiza ni hili, shangazi akihama je? Nilijibu sijalitatua. Aliandika kitu, akagonga meza, wengine wakafuata.

Nimepata 1.7. Mama alipoona ile namba alinipigia kwa huzuni akaniambia pole mwanangu utarudia, ikabidi nimweleze kwamba huku 1.0 ndo ya juu kabisa na 4.0 ndo ya kuponea. Akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza kulikoni.

17 Februari

Nimeenda Wilhelmsburg asubuhi kumsindikiza bibi, tumeweka maua. Kulikuwa na upepo. Ameniuliza narudi lini, nikasema tarehe 28. Amenipa mabuti ya mpira, namba 38, mapya, ya mama. Begi langu lina kilo 23 na limeshajaa vitabu, nimetoa vitabu viwili.

3 Machi, Kigogo

Nimefika salama. Mama amevaa mabuti ndani ya nyumba tangu jana.

Leo tumeanza kazi ya alama. Mjumbe ametukubalia nyumba 14 za kwanza. Tumeanzia kwetu, kwenye ukuta wa chumba cha bibi, ambako ule mstari wa tope wa 2011 bado unaonekana chini ya rangi ukiangalia kwa upande. Mama ameshika tepu chini sakafuni, mimi juu, mdogo wangu anaandika. Mita 1 na sentimita 46. Bibi amekaa kitandani anatuangalia, akasema hapana, siku ile yalifika hapa, akaonyesha kwa mkono juu zaidi. Tumepima na hapo alipoonyesha, tumeandika namba zote mbili.